Maharagi Aliyokatazwa Maman Séraphine

Wapendwa ndugu, majirani na marafiki mliopanda hadi Nyantende kutusindikiza, marehemu Séraphine M'Nabintu alizaliwa Miti, katika territoire ya Kabare, tarehe 11 Machi 1989, akasoma shule ya msingi hapohapo na sekondari mjini Bukavu, akapata diplôme d'État mwaka 2008, na tangu 2011 alikuwa mwalimu wa darasa la mwaka wa nne, mwalimu aliyeshindana mbio na wanafunzi wake akiwa amefunga kitenge, na akawashinda.

Tarehe 20 Julai 2013 alifunga ndoa na Cyprien, mhitimu wa sayansi ya lishe, wakakaa Muhumba, Mungu akawapa Carmel mwaka 2014 na Luc mwaka 2017.

Mwaka 2021 aliingia timu ya mbio ndefu ya Kocha Edouard, ambaye yuko hapa, kwenye benchi la mbele, mwenye miwani nyeusi. Kocha alishikilia kwamba maharagi, samaki wadogo wa sambaza na nyama humfanya mkimbiaji awe mzito, akawaachia wanawake wa timu yake chai na bugali mtupu, pamoja na kilometa ishirini kila asubuhi kwenye barabara ya Kavumu, na aliyeonekana na kipande cha samaki aliulizwa mbele ya wenzake: « Maman, uko unakimbia ao uko unatembeza sufuria? » Wote walicheka, Séraphine naye akacheka, akaacha maharagi.

Cyprien alimwendea kocha, akamweleza kwa upole kwamba mtu wa mbio ndefu huhitaji protini kuliko anayeshinda kwenye kiti, gramu moja na nusu hivi kwa siku kwa kila kilo ya mwili, maana ndiyo hutengeneza upya misuli inayochanika barabarani, na kwamba mke wake hakuwa anapata hata nusu yake. Akajibiwa: « Papa, wewe fundisha vitabu, mimi niko nafundisha miguu. » Séraphine, aliyetamani kuliko kitu chochote kuuwakilisha mkoa wetu mbioni, aliogopa kuachwa nje ya timu, akamtii kocha.

Januari 2024 mfupa wa mguu wake ulipasuka bila yeye kuanguka, Mei miguu ikavimba, tarehe 2 Juni akalazwa na homa ya mapafu, na mwili, walivyosema madaktari, haukuwa tena na kitu cha kujijengea. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, akiwa na miaka thelathini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Muhumba walioleta viti na kuni, na walimu wenzake. Timu iliomba kubeba sanduku na kulifunika kwa jezi yake; sanduku litabebwa na kaka zake, na jezi Cyprien ameichoma.

Sasa, kabla hatujatoka, familia inawaomba wanawake wa timu walioketi nyuma ya Kocha Edouard, pamoja na waume na mama zao, wasimame, waje upande wetu, wamwache kwenye lile benchi peke yake, na kuanzia kesho asubuhi ile barabara ya Kavumu aikimbie yeye mwenyewe.

Tunawasubiri, hatuna haraka.

Séraphine, wewe pumzika kwa amani. Sisi tungali na kazi.