Bi Zamda Aliyekagua Majiko

Miaka ishirini na saba Bi Zamda Uwesu amekaa meza ya maombi ya Mfuko wetu wa Kusomesha hapa Kanyenye, na tarehe 30 Juni 2025 anastaafu. Neno la kumuaga nimeambiwa niandike mimi, Mabruki, mlinzi wa geti, maana wa tangu siku yake ya kwanza nimebaki peke yangu. Darasa langu la nne, lakini watu nawasoma kuliko wenye digrii.

Kazi yake ni kuchagua watoto wa maskini walipiwe ada ya chuo. Msidhani ni rahisi. Wenye nacho wanajileta kama sisimizi kwenye asali. Baba mmoja mwenye maduka mawili alimleta kijana wake na shati la viraka. Viraka vipya, uzi unang'aa! Niliviona mimi kwanza. Na wote wana barua za mtendaji, wote yatima, hata ambao baba zao wanawasubiri nje kwenye gari.

Bi Zamda karatasi haamini. Anapanda baiskeli bila kuaga, anafika kwa mwombaji saa ya chakula, anasalimia kwa adabu zote, halafu anaomba maji ya kunywa jikoni. Akitoka huko ameshajua. Watu wa mtaa wa Ipuli wakamwita Bi Masufuria. Akawajibu, "Niiteni tu, mradi sufuria zenu nimeziona."

Sasa kuna jambo watu wanalisimulia vibaya, bora nilieleze mwenyewe. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya kupokea fomu, alikuja binti wa Ulyankulu, Esperansi Nibitanga, amepata chuo cha uuguzi. Viatu vinang'aa, kitenge kipya, saa mkononi. Nikamzuia. "Mwanangu, huu mfuko wa maskini. Wewe nenda benki."

"Shikamoo babu," akasema, akakaa chini nje ya geti. Hakuondoka.

Bi Zamda alipotoka, binti akainuka kumwamkia. Hatua mbili tu. Bi Zamda akanigeukia. "Kaka Mabruki, huoni anavyotembea? Viatu si vyake hivyo."

Kweli, vimejazwa makaratasi mbele. Vyote vya kuazima: viatu vya mke wa katekista, saa ya mwalimu, kitenge cha shangazi. Kwao mtu haendi ofisini alivyo, ni kumdharau mwenye ofisi. Kumbe waliotuheshimu ndio niliowafukuza.

Fomu ikapokelewa. Lakini Bi Zamda ni Bi Zamda: Jumamosi alikuwa Ulyankulu anaomba maji jikoni. Leo Esperansi ni muuguzi Sikonge, na sherehe hii amekuja, viatu vyake mwenyewe.

Jioni ile ya fomu Bi Zamda aliniuliza, mara moja tu, ni wangapi niliowarudisha hivyo kabla ya binti huyo. Nikajifanya nafunga geti. Miaka tisa hakurudia.

Ni wengi, dada. Sijui idadi. Tangu siku ile hakuna niliyemzuia, waulize.

Atakayekalia meza yako simwamini bado. Wewe tunakushukuru. Mungu akupe afya na uzee mtamu.