Mama Kimya, Aliyetaka Watu Wamalize Waondoke

Kila asubuhi, kabla simu yake haijaona mwanga, marehemu alikuwa ameshafungua madirisha ya jikoni, ameshachemsha maji, na ameshamuuliza kila aliyelala nyumba ile ameamkaje. Simu yenyewe ililala ndani ya sufuria ndogo yenye kifuniko, juu ya kabati la vyombo. Wajukuu walizoea kumtania, "Bibi, simu imeiva?" Naye alikuwa akijibu bila kugeuka, "Bado mbichi, subirini chai inywewe." Chai ikishanywewa alifunua kifuniko, akasoma ujumbe wake wote akiwa amesimama, akajibu wa kujibiwa, akafunika. Asiyemjua angedhani ni mtu aliyeogopa simu. Kumbe simu ndiyo iliyompa kazi, ikampa na mume.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1959, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi baiskeli na mshonaji, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Alikulia kwenye harufu ya gundi ya viraka na grisi. Baba yake hakuwa msemaji, lakini mteja akianza kuisifu baiskeli kwamba inang'aa, alimkatiza: "Kung'aa ni rangi tu. Wewe panda. Ukifika uendako bila kuikumbuka hata mara moja, hapo rudi unisifu." Marehemu aliyachukua maneno hayo kama mtoto mwingine anavyochukua urithi wa shamba.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1977. Hesabu alizipenda, ila alikuwa na tabia ya kuuliza maswali kabla ya kujibu. Ripoti yake moja ipo hadi leo, na mwalimu wa hesabu ameandika: "Hupata majibu sawa, lakini kwanza hutaka kujua ni nani anayehitaji kujua." Mama yake aliposoma aliguna, "Huyu tutamwoza kwa hakimu."

Hakuozwa kwa hakimu. Februari 1979 aliajiriwa kwenye chumba cha kuunganisha simu. Enzi hizo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine, simu yako ilipita mikononi mwa binti aliyeketi kwenye kiti kirefu, mbele ya ubao wenye matundu mengi, akichomeka waya wako kwenye tundu la unayemtaka. Mabinti wengine wakishaunganisha walikuwa wakibaki wakisikiliza. Yeye alikuwa hasikilizi. Jirani yake wa kiti cha pili, ambaye mpaka leo familia inamwita Shoga wa Ubao, alikuwa akimfinya: "Wee, chomeka haraka usikie! Mwenye duka la mbao anaachwa na mchumba wake!"

"Waachane wenyewe wawili. Mimi nimeshawakutanisha, nafuata nini katikati yao?"

"Kimya kimekuzidi, mwenzangu. Utazeeka bila habari."

Jina la Kimya likaanzia hapo, na alipopata watoto likawa Mama Kimya.

Mume wake alimfahamu kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa fundi wa nyaya, mtu wa kupanda nguzo, na kila akitengeneza laini alipiga simu kutoka juu kule kuipima: "Halo, unanisikia?" Anajibiwa, "Nakusikia vizuri." Basi, kazi imekwisha. Lakini laini moja, ile ya barabara ya kiwanda cha matofali, ikawa inapimwa asubuhi, inapimwa mchana, inapimwa hata siku ya mvua. Msimamizi wa chumba akasimama nyuma ya kiti cha Kimya akauliza, "Hivi laini ya huyu fundi ina ugonjwa gani usiopona?" Chumba kizima kikacheka, na binti aliyesifika kwa kutosikiliza mazungumzo ya watu akakosa pa kuuficha uso. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1984. Mungu akawajalia watoto watatu, mabinti wawili na mvulana, na miaka karibu arobaini ya kusikiana.

Mwaka 1993 mashine ilichukua kazi ya ubao, na chumba kikafungwa. Wengine walilia. Yeye alijiandikisha darasa la jioni la kompyuta, akakaa na vijana waliomwita shangazi, akajifunza. Alipita ofisi kadhaa, na mwezi Juni 2011 akaingia kampuni ndogo ya kutengeneza programu za simu, akiwa msimamizi wa programu moja tu: ile ambayo mzazi mwenye mtoto mgonjwa anaitumia kumuuliza muuguzi wa zahanati. Huko ndiko alikofanya jambo ambalo leo familia inalishukuru kuliko yote, nalo lilianza na kosa.

Kwenye ukuta wa ofisi ile palikuwa na ubao unaoonyesha kila mtumiaji anakaa ndani ya programu kwa muda gani. Mstari ukipanda, watu wamefurahi, ndivyo walivyoamini wote, naye akiwemo. Waliongeza picha, waliongeza vidokezo vya afya, waliongeza kengele za kumwita mtu arudi. Mwezi Machi 2014 mstari ulipanda mpaka ukatoka nje ya ubao, ikabidi wabandike karatasi nyingine juu yake. Mkurugenzi akaleta soda. Watu wakapiga picha mbele ya ukuta.

Kesho yake marehemu alimpeleka mjukuu wake wa kwanza kuchanjwa. Kwenye benchi la zahanati alikaa karibu na mama kijana, mtoto amelala mapajani akihema, na kidole cha yule mama kinapanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Marehemu akachungulia. Ilikuwa programu yake. Moyo ukamjaa fahari.

"Naona umeipenda hiyo," akamwambia.

Yule mama hakuinua hata uso. "Kuipenda? Mama, namtafuta muuguzi. Niliambiwa yumo humu."

"Umemtafuta tangu saa ngapi?"

"Tangu nyumbani mtoto alipoanza kuchemka. Kila nikigusa naletewa picha ya machungwa."

Marehemu aliinuka, akampeleka kwa mkono mpaka mlango wa muuguzi, na mtoto akahudumiwa. Lakini siku ile alirudi ofisini na chanjo ya mjukuu ikiwa imemuuma yeye. Alisimama mbele ya ule ukuta, akawaambia wenzake, "Hawa hatukuwafurahisha. Hawa wamepotea ndani ya nyumba yetu, na sisi tumenywa soda."

Ikawa vita ya maneno. Mkurugenzi, ambaye yupo nasi leo na ameruhusu hili lisomwe, alimwambia wazi: "Mama Kimya, wafadhili wanaangalia mstari. Ukishuka, watasema watu wametukimbia. Watafunga programu, na hawa vijana wote watakaa nyumbani."

"Nipe zahanati moja tu. Ile ile yenye benchi. Mstari ukishuka na wagonjwa wakikosa faida, nifukuze mimi, vijana waache."

Akapewa. Akaweka kazi yake mezani, na alijua ameiweka, kwa maana mvulana wake alikuwa bado chuoni.

Aliketi na kijana aliyepanga sura ya programu, waliyemwita Rangirangi kwa mashati yake, wakaanza kutoa. Picha zikatoka, vidokezo vikatoka. Ukifungua unakuta sehemu moja ya kuandika swali, jina la muuguzi aliye zamu, na saa atakayojibu, bila uongo. Ukishajibiwa, kioo kinakuambia: "Umejibiwa. Weka simu, mshike mtoto." Kisha programu inajifunga yenyewe.

Rangirangi aliumia. "Shangazi, hata kengele moja tu tubakize?"

"Ya nini?"

"Kuwakumbusha kwamba tupo."

"Mwanangu, chumvi ipo jikoni kwenu?"

"Ipo."

"Imewahi kukupigia kengele?"

Kijana akacheka, akaifuta.

Mstari wa zahanati ile ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Wafadhili walikuja wawili, nyuso zimekunjamana. Marehemu hakuwaonyesha ukuta. Aliwapeleka kwenye benchi, akawaambia wakae. Wakaona mama anaandika, anajibiwa, anaweka simu kwenye mkoba na kumfuta mtoto jasho. Wakaona mwingine vile vile. Muuguzi mkuu akatoka akawaambia, "Zamani walikuja wakiwa wamechelewa na wamechoka. Sasa wanauliza mapema, na nikiwaita wanaitika." Mfadhili mmoja hakushawishika, akaondoka, na kampuni ikalazimika kuhamia chumba kidogo juu ya duka la vioo. Yule wa pili alibaki, na zahanati zote zikaifuata ile ya benchi. Hakuna kijana aliyefukuzwa. Soda ndiyo haikuletwa tena.

Lakini mwenye kufundisha naye hufundishwa. Miezi ile ya vita, nyumbani marehemu hakuwa mtu wa kusemeshwa. Simu ilikaa kwenye kiganja chake kama kijiko, hata mezani. Siku moja binti yake mdogo, aliyekuwa amekaa mkabala naye, alimwandikia ujumbe: "Mama, naomba chumvi." Simu ikalia, mama akasoma, akatafuta macho ya binti yake. "Umeniandikia?"

"Nimekuita mara ngapi? Nimeona bora nipite njia yenye mlango."

Hakukasirika. Aliamka, akatoa chumvi, akaiweka simu ndani ya sufuria iliyokuwa karibu, akaifunika. Sufuria ile haikupikiwa tena, isipokuwa siku moja ambapo mumewe, akiwa na usingizi na nia njema, aliimiminia maji ya chai. Mzee mwenyewe husimulia: "Simu za wengine hulia. Ya mke wangu ilipiga chafya." Walinunua nyingine, na sufuria ikafungwa utambaa mwekundu kwenye mpini ili ijulikane.

Alistaafu Aprili 2019, lakini hakukata mguu ofisini. Vijana wakikwama walimwita, naye alikuja na begi lake dogo, akaketi, akauliza kwanza ni nani anayehitaji hicho wanachokitengeneza. Mara nyingi swali hilo peke yake lilimaliza kikao.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa, na familia inawashukuru madaktari, wauguzi wa wodi ya pili, na jirani mwenye gari aliyekuwa akijibu kabla hajaitwa. Katika kuugua kwake hakulalamika, ila alichukia kuulizwa hali na mtu anayetazama simu. "Ukiniuliza, niangalie," alisema, "usije ukapata jibu la mtu mwingine." Miaka mitatu ile watoto wake walimjia wakakaa naye kweli, wakiwa na mikono mitupu, bila simu, na wanasema ndiyo miaka waliyomjua zaidi. Alifariki Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2024, mchana, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Ameacha mume, mabinti wawili na mvulana mmoja, wakwe watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili, Shoga wake wa Ubao, na wazazi wengi asiowajua ambao usiku wa homa walipata jibu wakarudi kwa watoto wao. Kwa yote hayo tunamshukuru Mungu aliyetuazima mama huyu.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la Jumatano, siku mbili kabla hajafariki. Kampuni ilikuwa imepata wabia wapya, na wabia hao walitaka chini ya kila jibu la muuguzi pawekwe video fupi fupi zinazofuatana zisizo na mwisho, watu wasitoke. Vijana walimpigia. Mumewe alimkataza, akaenda. Alipanda ngazi za duka la vioo akipumzika kila baada ya hatua chache, akaketi pembeni, begi mapajani. Mjumbe wa wabia akaeleza, akaeleza tena, akauliza kama kuna mwenye neno.

Wote walimtazama Mama Kimya. Alikuwa ameshavuta pumzi aseme. Kabla hajasema, Rangirangi, ambaye sasa ndiye msimamizi na bado anavaa mashati yale, akasimama. "Hapana," akasema. "Mzazi wetu ana mtoto mkononi. Akishajibiwa tunamwachia aende. Mkitaka video, tengenezeni programu yenu." Binti wa mahesabu akasema, "Nami nasema hivyo." Na mwingine. Na mkurugenzi mwenyewe, aliyewahi kuleta soda, akasema, "Mmesikia."

Marehemu akaachia ile pumzi. Wanasema alitabasamu kama mtu aliyeteremshiwa mzigo kichwani. Akamalizia maji yake, akainuka, akashika begi. Rangirangi akamfuata mlangoni. "Shangazi, kikao hakijaisha. Hukusema kitu."

"Niseme nini tena, baba? Kaeni mwendelee."

"Jumatatu utakuja?"

Akamtengeneza kola ya shati, akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani, mpaka wakaacha kusikia viatu vyake. Jumatatu, msiba ukiwa umeshafika, waliweka kiti chake hivyo hivyo. Hakurudi.

Apumzike. Kazi ina wenyewe.