Majina Mawili Mgongoni mwa Mwalimu Eveline

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji, ndugu waombolezaji, mimi ni Elius Mlowe, kaka wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu.

Eveline Elieza Mlowe alizaliwa tarehe 14 Machi 1992 hapa Kifanya, akiwa mtoto wa nne wa mzee Elieza na mama Zipora, alisoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 2006, akaendelea na sekondari mjini Njombe hadi 2010, na huko ndiko alikoanza kushinda mbio ndefu, kisha akahitimu ualimu mwaka 2013, na mwaka uliofuata akaajiriwa Makambako, katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu. Tarehe 8 Oktoba 2016 alifunga ndoa na Hosea Mgaya, wakajaliwa watoto wawili, Lightness na Steven.

Tarehe 12 Juni 2018 wanafunzi wake wawili, Juliana na Odilo, waligongwa na lori wakivuka barabara kwenda shule, wakafariki palepale. Eveline aliwaandikia viongozi barua tatu kuomba matuta ya barabarani, hakuna iliyojibiwa. Tarehe 25 Agosti, kwenye mashindano mjini Njombe, alishinda kilomita ishirini na moja, na alipokata utepe aliligeuzia jukwaa kuu mgongo, akasimama hivyo, maana nyuma ya fulana yake alikuwa ameandika kwa wino mzito majina ya wale watoto.

Watu wakasema amemtukana mgeni rasmi. Mimi, nikiwa katibu wa kamati ya mbio, nilimfuata nikamwambia, "Wewe kazi yako kukimbia, mambo ya barabara yana wenyewe."

Akanijibu huku anahema, "Kaka, barua hawasomi. Leo wamesoma."

Alifungiwa kwa barua asikimbie miaka miwili, akaondolewa kwenye timu iliyokuwa inajiandaa kwa mashindano ya taifa, na hakushindana tena. Matuta yaliwekwa mwaka 2020, kama ni kwa ajili yake mimi sijui.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa kwa miezi tisa, hadi Jumapili ya tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, alipotutoka. Siku tatu kabla, aliniambia, "Historia yangu usome wewe, na ile barua ya kunifungia usiifiche."

Nilishindwa kumtazama, kwa sababu miaka saba nilimwambia barua ile waliiandika wakubwa. Niliiandika mimi, nikaisaini, nikihofia cheo changu. Kumbe alijua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kifanya, walimu wenzake, pamoja na wazazi wa Juliana na Odilo, ambao wamelala nasi hapa msibani tangu juzi.

Eveline, ulinipa nafasi ya kukuomba radhi nikanyamaza, nakuomba leo mbele ya hawa wote. Pumzika kwa amani, mdogo wangu.