Sahani ya Saa Sita ya Mama Hyacinthe

Mheshimiwa mwakilishi wa Waziri wa Afya, Bwana Mkurugenzi wa shule yetu ya uuguzi, shehe wetu na padri wetu mnaogawana kivuli kimoja pale mbele, madaktari, wazazi mliotoka mitaa yote ya mji, Mutanga Nord mpaka Asiatique, na ninyi wahitimu ambao viatu vipya vinawabana: habari za mchana. Mimi Zubeda, msimamizi wa wodi ya majeraha, nimeambiwa niseme kwa ufupi. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Vijana hawa walipoletwa kwangu kwa mafunzo, walijua mifupa yote kwa Kifaransa, ila majina ya wagonjwa hawakuyajua. Alya, yule anayeinamisha kichwa sasa hivi, binti wa mwenye duka la vitambaa, kila asubuhi aliniripotia habari za "mguu wa dirishani". Nikamuuliza, mguu huo hauna mwenyewe?

Mwenyewe alikuwa Mama Hyacinthe. Alikanyaga bati akikimbia risasi kule milimani, akapotezana na mwanawe, akafika kwetu bila garde-malade, ndugu wa kumuuguza. Mnazijua hospitali zetu: chakula hutoka nyumbani, na asiye na wa kumletea hutegemea kitanda cha jirani. Alya akamwonea huruma, akawa anamletea sahani kutoka kwao kila saa sita, ili mama ameze dawa akiwa ameshiba. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Alya mwenyewe alikuwa amefunga.

Kidonda hakikupona. Kilizidi kunuka, mpaka Daktari Népomuscène akasema kisipobadilika wiki ile, mguu utakatwa. Alya akitandika kitanda akakuta vidonge vya mchana chini ya mto. Alikuja kwangu amefura: mgonjwa anamdharau. Nikamwambia arudi, akae kitandani, aulize bila kugombeza.

Mama Hyacinthe akamjibu kwa upole: "We unanisafisha kidonda toka asubuhi, hata maji hujakunywa. Mi nitakula namna gani na we uko na njaa?"

Ndugu wageni waalikwa, mama huyu alikuwa akifunika sahani mpaka adhana ya magharibi! Na kwa kuwa aliambiwa asimeze dawa tumbo likiwa tupu, ya mchana hakuimeza. Alya akamweleza kwamba hata kwa Waislamu mgonjwa hafungi. Mama akasema hiyo ni dini ya kina Alya; kwao yeye, mkubwa hawezi kula huku mtoto mwenye njaa akimwangalia. Alya akatoka wodini ili asimwangalie. Mama akafunika sahani, akamngoja.

Ni kitabu gani kingemfundisha la kufanya? Alya alikwenda nyumbani akamwomba bibi yake msaada. Bibi Laila ana ugonjwa wa sukari, hafungi, na kwa aibu alikuwa akila peke yake stoo, nyuma ya majora ya vitambaa. Msinitazame hivyo, ameniruhusu niseme. Kesho yake bibi akaja na sahani moja kubwa; Mama alipoona hata mkubwa wa Alya anakula, wakala wote wawili mchana kweupe, na kidonge kikafuata. Walicheka mpaka wagonjwa wengine wakaomba kuhamishiwa vitanda vya karibu. Siku ya Idi, kidonda kilikuwa kinakauka.

Tangu hapo sikusikia tena "mguu wa dirishani". Alya akiripoti huanza na jina, halafu nani anakula na mgonjwa huyo, kisha ndipo kidonda. Wenzake wakamwiga. Bwana Mkurugenzi, najivunia watoto hawa kwa moyo wote. Katika miaka hii ya vita, ambayo watu wakikutana huulizana kwanza mtu katoka mtaa gani, hawa wanauliza: umekula?

Nawashukuru wote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Limebaki jambo moja. Desturi yetu ni mzazi kumvalisha mhitimu koti jeupe, na kwao Alya wameshakubaliana: Bibi Laila atalishika koti, na wa kumvalisha ni Mama Hyacinthe.

Mama, njoo. Usiharakishe. Hapa hakuna anayekukimbiza, na miguu yote miwili ni yako.