Mama Paskalina Tluway na Maziwa ya Balangdalalu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya Mbulu, Mama Paskalina Tluway anastaafu tarehe 30 Juni 2014. Alipoajiriwa, Mbulu ilikuwa Mkoa wa Arusha. Anaondoka ikiwa Mkoa wa Manyara, na kiti chake cha mbao hakijasogea hata hatua moja.

Alianza na darubini isiyotumia umeme, yenye kioo cha kunasa mwanga, akivizia jua liingie dirishani. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalipofunguliwa Dongobesh, yeye ndiye aliyeanza kumuuliza kila mgonjwa amemeza nini kabla ya kuja. Ni mdadisi huyu mama, hata chai ya ofisini huiuliza ilikotoka.

Mwaka 2011 tulishiriki utafiti wa mafua makali ya virusi. Tulitaka kujua asidi amino, yaani vijenzi vya protini, hubadilikaje kwenye damu mwili unapopambana na virusi. Wagonjwa walitakiwa wasitie kitu tumboni tangu jioni. Majibu ya Mbulu yalikuja chini, kama tulivyotarajia. Ya Balangdalalu, alikochukua damu yeye, yakaja juu. Ikaandikwa barua kwamba aliacha barafu ya kuhifadhia damu iyeyuke njiani, damu ikaharibika, na kupendekeza aondolewe kwenye utafiti. Kwa mtu aliyebakiza miaka mitatu, hiyo ni aibu ya kustaafu nayo.

Mama Tluway hakugomba. Alipanda basi, akaomba kulala kwa Mzee Gidahosh, ambaye binti yake alikuwa mmoja wa wagonjwa. Asubuhi, kabla binti hajatoka kwenda zahanati kutolewa damu, bibi yake alimpa kibuyu cha maziwa na kumsimamia mpaka kikaisha. Maziwa yana protini, na hiyo ndiyo iliyopandisha majibu. Mzee alishangaa kuulizwa. Mgonjwa atavukaje mlango akiwa na tumbo tupu? Masharti tulikuwa tumewapa wagonjwa, bibi hatukumwambia.

Tangu hapo Mama Tluway alifika kwenye maboma kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Aliwapa mabibi shikamoo, akawaeleza, ndipo akachukua damu. Majibu yakashuka.

Barua ile niliiandika mimi, Yohanes Sulle, niliyefundishwa naye kushika sindano. Hajawahi kuitaja, na hilo limeniuma kuliko kugombezwa. Nimeiomba ofisi ibandike ukurasa huu juu ya barua hiyo kwenye faili lake.

Samahani, Mama, na asante sana. Nenda salama Maretadu kwenye mahindi na maharage yako, Mungu akupe afya na wajukuu wengi wa kuwahoji. Na asubuhi kunywa maziwa kwa raha zako. Hakuna tena boma la kuwahi kabla ng'ombe hawajakamuliwa.