Elikia Habumugisha na Karatasi Yake ya Sheria za Mchezo

Marehemu Elikia Habumugisha alizaliwa Bukavu tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa Mzee Kamali na Mama Nyiransabimana. Ninayesoma ni mimi, Védastine, dada yake mkubwa. Wanaojua hasira yangu wanivumilie.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Bukavu. Familia iliporudi Rwanda mwaka 1996, akamalizia sekondari hapa Rusizi, huku akichora michezo ya mezani nyuma ya madaftari ya hesabu.

Mwaka 2003 alianza kazi katika duka la fotokopi, Kamembe. Hapo ndipo alipobuni Soko la Daraja, mchezo wa kadi wa wachuuzi wanaovusha bidhaa mpakani, kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza. Sheria zake alizipanga kwenye karatasi moja ya kukunja: nyeupe, herufi nyeusi, ukingo mpana kwa sababu mashine zetu hula pembeni, na kila sheria na mfano wake ubavuni. Akatoa kopi, akatoa kopi ya ile kopi, mpaka ikafifia sana, ndipo akampa mama aisome, aone kama bado inasomeka. Mama akasoma, wakacheza, mara akamfokea: "We Elikia, hapa baliandika unarudi ku mwanzo. Rudi! Usinidanganye!" Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Alifunga ndoa na Gaudiose Mugwaneza tarehe 5 Julai 2008. Walipendana, na hilo hata maadui zake hawabishi.

Mwaka 2021 alimkaribisha kazini Ndayisaba, aliyejiita mshirika. Yupo hapa, safu ya pili, kavaa miwani ya jua. Huyu alichukua sheria zilezile akazitengenezea kitabu cha kurasa arobaini, kila ukurasa mweusi tii, herufi za kijivu, na picha yake mwenyewe akicheka. Shule moja ilijaribu kukichapa, wino ukaisha kabla hawajafika kwenye sheria ya kwanza. Watu wakaendelea kutoa kopi za karatasi ya Elikia. Basi bwana huyu akatangaza kwamba atakayeinakili atashtakiwa. Karatasi ya Elikia! Jamani, mtu hana haya hata kidogo?

Figo zilianza kumsumbua Elikia Oktoba 2023. Hospitalini aliniambia: "Dada, ile karatasi isipotee. Batoto batacheza na nini?" Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025. Jioni hiyohiyo Ndayisaba akafika kwenye kilio, na kabla ya kutoa pole akamuuliza Gaudiose: "Maman Ganza, ordinatere yake iko wapi?" Alitaka kuifuta ile karatasi humo kwenye kompyuta, kibaki kitabu chake tu. Gaudiose akamjibu: "Papa, kaa kwanza ulie." Hakukaa, wala hakulia.

Elikia ameacha mke, Gaudiose, watoto wawili, Ganza na Umuhire, mama yetu, na mimi. Ndayisaba simhesabu.

Sasa geuzeni programu ya mazishi mliyoshika. Upande wa nyuma ni sheria zote za Soko la Daraja, kama alivyozipanga mwenyewe. Gaudiose ameruhusu, na ruhusa ni yake. Toeni kopi, wapeni watoto wa mtaa mzima. Na wewe Ndayisaba, usikunje uso. Chukua yako, kisha utushtaki wote tuliosimama hapa kaburini.

Elikia, ndugu yangu, pumzika kwa amani.