Dirisha la Kipaza

Ijumaa iliyopita karani wetu tunayemwita Kipaza aliita kesi yake ya mwisho, akastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika mahakama hii. Ameondoka mzima, kwa miguu yake, bila kufukuzwa. Mimi bibi yenu wa chai nimeshusha pumzi, maana mara nyingi nilidhani wanamtimua.

Alikuja hapa akiwa kijana mwembamba, shati limemzidi, sauti kama ya fahali. Siku ya kwanza alinguruma "Simameni!" hadi hakimu aliyekwisha kuketi naye akasimama.

Kilichomchosha ni kesi za maandamano. Watu wakidai maji, wana hatia. Wakidai zahanati ifunguliwe, wana hatia. Rungu la polisi halijawahi kukosea humu ndani hata siku moja, na ukikata rufaa, huko juu nako wanasema lilipiga vizuri. Siku za kesi hizo geti hufungwa. Karandinga huingilia nyuma, na akina mama hubaki kwenye uzio hawajui mtoto yuko humu, yuko kituoni au yuko mochwari.

Hukumu hakuziweza. Dirisha la upande wa uzio aliliweza. Alilifungua, akaita kila jina pamoja na la baba, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Karani, mshtakiwa yuko mbele yako, unamwita nani?" hakimu mmoja alimfokea.

"Samahani mheshimiwa, masikio yangu mazito."

Msimu wa baridi, mawakili wanatetemeka ndani ya majoho, yeye analalamika joto ili dirisha lisifungwe. Mwongo mkubwa huyu, Mungu amweke.

Mwezi uliopita karandinga lilimleta binti yake, mwalimu. Kipaza akaambiwa ampishe mwingine aite. Hakutaka kusikia: mkewe alikuwa pale kwenye uzio, tangu jana yake anazunguka vituo vya polisi. Alipofika kwenye jina lile, la baba likiwa lake mwenyewe, sauti ikamkatika. Akaliita upya.

"Nimesikia, baba watoto!" mkewe akajibu kutoka nje. "Mwambie mama yake yupo hapa nje!"

Hata askari wa mlangoni aliangalia chini.

Binti alitiwa hatiani kama wenzake, ila wakampa kifungo cha nje. Haki hiyo? Wapi! Lakini analala kwao, na baba yake hatamwita tena kizimbani. Hilo tu limenirudishia usingizi.

Jumatatu nilimkuta karani mpya, binti mwenye sauti ya mbu, anahangaika na komeo la dirisha. Nikamwonyesha pa kuligonga kwa kiganja. Likafunguka.

Ahsante, Kipaza mwanangu. Nenda kapumzike, na uongee taratibu, mkeo hana uziwi. Uzee wako uwe mtamu. Ukipita huku, simama kidogo hapo kwenye uzio, utusikilize.